Paluku na Mumbere Katika Nyumba Moja

Kwenye matanga ya bosi wangu wa zamani, Yaya Désiré, nilicheka, na mama mmoja wa chorale ya kanisa akanitupia jicho ambalo mpaka leo linaniwasha. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine, nimefunga kikwembe kichwani, nimelia mpaka uso umevimba, ndipo taksi ya Beni ikasimama pale barabarani na Yaya Anselme akashuka. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Nywele zake za pembeni zimekuwa nyeupe na anatembea polepole, lakini ni yeye. Aliwapa wazee mkono mmoja mmoja, akasimama kidogo mbele ya jeneza, halafu akaja moja kwa moja mpaka mkekani kwetu, akachutama, akaninong'oneza: “Masika, Paluku angali anatumika?” Mzee aliyekuwa karibu alishtuka vibaya. Paluku ndilo jina la nyumbani la Yaya Désiré, na Paluku huyo alikuwa amelala pale mbele yetu, hafanyi kazi tena popote. Mimi nilijua anauliza habari za Paluku mwingine, sanduku la chuma lenye taa za kijani, na kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. “Balimutoshaka zamani, Yaya,” nikamjibu. “Balileta zingine mupya.” Akauliza, “Na Mumbere?” Nikamwambia wote wawili waliondolewa siku moja. Akatikisa kichwa, akakaa chini pale pale kwenye majani, nasi tukaanza kuongea habari za mwaka ule mpaka watu wakaja kutuambia kwamba maiti inatoka.

Mwaka ule ni miaka michache kabla ya Ebola, ule ugonjwa ulioanzia Mangina, kutunyang'anya hata kupeana mikono. Nilikuwa nimetoka shuleni na diploma yangu ya informatique, mambo ya kompyuta, bado inanukia wino, na ya nyumbani kwetu Musienene nitayaacha: wazazi walilima maharage na viazi, wangali wanalima, basi. Kazi niliipata katika atelier ya mafundi wawili wa mitandao ya kompyuta mjini Butembo, chumba kimoja nyuma ya duka la mabati, ambako mvua ikinyesha ilibidi tupige kelele ndipo tusikilizane. Mabosi wangu walikuwa wawili na sawasawa, wote nikiwaita Yaya, yaani kaka mkubwa. Yaya Désiré, mtu wa Butembo, alikuwa anaongea hata na waya. Yaya Anselme, mtu wa Beni, aliweza kumaliza asubuhi nzima bila neno, akivuma tu nyimbo za kanisani puani. Saa sita tulikula sinia moja, obundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, na siku ambazo wakwe wa Yaya Anselme walituma mzigo kutoka Kyavinyonge, kule ziwani, tulikula tilapia, kila mtu akivizia kichwa. Hapo ndipo utani ulianza. “Beni kuko joto,” Désiré alisema, “batu banalala hata wakati banatembea.” Na Anselme, bila kuinua macho: “Na Butembo kuko baridi. Batu banaongea juu ya kupasha kinywa moto.” Nilicheka mpaka sombe ikapotea njia. Sikuwa nimewahi kuona wakubwa wawili wakiongoza nyumba moja bila mmoja kumkanyaga mwenzake, na niliwatazama kwa hamu sana nijue wanafanyaje.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa hospitali moja juu ya kilima, ambayo jina lake halina haja hapa. Ilikuwa na majengo mawili yaliyotazamana kuvuka ua. La zamani, la matofali ya wamisionari, lilikuwa na laboratoire ya kupima damu, pharmacie, betri za jua na kompyuta kubwa inayotunza kila kitu. Jipya lilikuwa na Maternité, wodi ya wamama wanaozaa, na chumba cha upasuaji. Gestionnaire, msimamizi wa hospitali, alikuwa Masœur Béatrice, mtawa wa kutoka Bukavu, mwembamba, mwenye maswali kuliko mtoto. Alitaka matokeo ya laboratoire yafike Maternité bila mtu kuvuka ua na karatasi mvuani. Yaya Désiré akachukua jengo la zamani, Yaya Anselme akachukua jipya, mimi nikawa wa kwenda na kurudi, ngazi begani, na wagonjwa wakaniita “ule binti wa makamba.”

Swichi, kwa asiyejua, si ile ya kuwashia taa. Ni sanduku bapa la chuma lenye matundu mengi kwa mbele. Kila kompyuta inachomeka waya wake hapo, na sanduku linajua ujumbe huu ni wa nani na utokee tundu lipi. Kila jengo lilikuwa na swichi mbili, moja juu ya nyingine. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuziunga zote kwa kebo maalum zikawa kundi, na kundi hilo likafanya kazi kana kwamba ni swichi moja: jina moja, anwani moja. Ndani ya kundi mmoja anakuwa mkubwa, ndiye anayeamua, wengine wanafuata. Akizimika, anayefuata anashika nafasi yake papo hapo na mgonjwa kitandani hajui kitu. Jambo hilo lilinishika kabisa. Nilikuwa nakaa mbele ya taa zile nikijiuliza: wanajuaje kwamba mkubwa amekufa? Nani anawapelekea habari? Yaya Anselme ndiye aliyenijibu, kwa maneno yake machache. “Banasikilizana daima. Sauti ikikosekana, banasema amekufa.”

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima niliseme, maana bila hilo mwaka wenyewe haueleweki. Kwetu mtoto hachaguliwi jina la nyumbani, jina linamngoja. Kijana wa kwanza ni Paluku, au Mumbere, au Nzanzu. Wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka, na hivyo hivyo wanavyoshuka. Hata kama wa kwanza hayupo tena duniani, wa pili anabaki Kambale, hapandi. Basi Yaya Désiré alipomaliza kufunga swichi zake aliandika kwenye ya juu PALUKU, kwa herufi kubwa, jina lake mwenyewe, akajipiga kifua. Ya chini hakuipa jina, alisema ataipa ikionyesha bidii. Yaya Anselme kule ng'ambo akaandika MUMBERE kwenye ya kwake ya juu. Lilikuwa jina lake pia, tukacheka, tukasema ah, hawa wanaume na majina yao. Halafu kila mmoja akaipa yake cheo cha juu kabisa ambacho mashine inakubali, kwa sababu mzaliwa wa kwanza utampa cheo gani kingine? Hatukukaa kulizungumza. Ni kama kukaa kuzungumza kwamba maji yanashuka. Siku tulipopitisha kebo kwenye mtaro chini ya ua na kuwakutanisha, mashine zikajipanga zenyewe, zikamfuata yule aliyekuwa amewashwa mapema zaidi. Taa zikawa za kijani zote, nasi tukaenda kula.

Waashi waliokuwa wanachimba choo ndio waliotufungua macho. Jembe moja, kebo ikakatika. Paluku hakumsikia tena Mumbere, akasema amekufa, nyumba ni yangu. Mumbere naye hakumsikia Paluku, akasema vilevile. Na wote walikuwa wazima! Wote wawili wakashika jina lile lile na anwani ile ile, kila mmoja akajibu kwa niaba ya nyumba nzima. Juu ya tangi la maji kulikuwa na kisanduku cha internet chenye waya kwenda kila jengo, na kisanduku hicho, kikiitwa na watu wawili wenye jina moja, kilichanganyikiwa kabisa: ujumbe wa huku kikaupeleka kule, wa kule kikautupa. Kama kebo ingekatika tu, kila jengo lingebaki na mambo yake na tungejua la kufanya. Ugomvi wa wakubwa wawili ndio uliangusha kila kitu. Nilimwona Kavira, muuguzi wa Maternité, akivuka ua mbio, kikwembe kichwani, kichupa cha damu amekikumbatia kifuani, huku kompyuta yake kule ndani ikimwandikia kwamba kila kitu kiko sawa.

Na sisi tulikuwa na sababu yetu ya kuogopa. Jeanne, mke wa Yaya Anselme, alikuwa mjamzito. Uzazi wake wa kwanza, huko Beni, damu ilitoka mpaka watu wakaanza kusali sala za kumsindikiza. Daktari alisema safari hii atazaa hapa, karibu na laboratoire, na aje mapema. Kwa hiyo alikuwa amehamia katika nyumba ya wamama wanaongoja siku zao, nyuma ya hospitali, tumbo mbele, akimsuka kila mwenye nywele. Masœur Béatrice alituita uani, pale pale kwenye kebo iliyokatika. “Bayaya,” akasema, “miye hapana kujua mambo ya mashine. Mais huyu mama Jeanne akifikisha siku yake na hii kintu ingali inagombana, nitaitosha yote, turudilie makaratasi. Siwezi kuweka mutu mu hatari juu ya haya mataa ya kijani.” Yaya Anselme aliitazama ile kebo tu. Tulijua sote kwamba siku ya Jeanne haiko mbali, na kwamba hospitali ikitufukuza atelier haina kazi nyingine ya maana, na mimi nitarudi Musienene kupalilia.

Dawa ya kwanza ya Yaya Désiré ilikuwa kebo ya pili. Akaipitisha mtaro ule ule, kando ya ya kwanza, akaifunika vizuri, akawaonya waashi kwa maneno makali. Kesho yake jembe likakata zote mbili pamoja. Masœur alisimama ukingoni mwa mtaro, akauliza kwa upole, “Na ya tatu munaiweka wapi?” Hata Yaya Anselme alicheka. Ndipo tukakaa chini na kile kitabu cha mashine, tukasoma sote watatu, vichwa vimegusana, Désiré akitafsiri kwa sauti. Kitabu kilisema dawa iko: waya mwembamba wa pembeni, upite njia nyingine kabisa, usibebe kazi yoyote. Kazi yake ni swali moja tu, uko? Kebo kubwa ikikatika, kila upande unauliza kwenye ule waya. Mwenzako akijibu, basi hajafa, mmekatana tu. Hapo mwenye cheo cha chini anafunga milango yake yote na kunyamaza, anamwachia mwenzake nyumba, mpaka kebo itengenezwe. Désiré aliubatiza huo waya “shahidi.” Tuliupitisha juu, chini ya paa la ukumbi unaozunguka hadi chapelle, kikanisa cha hospitali, mbali na majembe ya watu. Tukawaondoa wauguzi kwenye kompyuta, tukachomoa kebo kubwa makusudi. Shahidi alifanya kazi yake vizuri kabisa, Paluku akajua Mumbere yuko hai, Mumbere akajua Paluku yuko hai. Na hakuna aliyenyamaza.

Tulirudia, ikawa vile vile. Désiré aliitukana mashine kwa Kinande, Kifaransa na kile Kilingala cha makamanda. Nilishindwa kulala vizuri siku zile kwa sababu ya udadisi tu. Nilikuwa napiga mswaki nikifikiri, kwa nini hawanyamazi? Jibu tulilipata jikoni mwa hospitali, tukila maharage na viazi pamoja na Masœur, dirisha limefunguka kwenye ua wa wagonjwa. Muuguzi akatoka mlangoni na fishi, kadi ya mgonjwa, mkononi, akaita kwa nguvu, “Paluku!” Nusu ya wanaume waliokuwa kwenye mabenchi wakasimama. Wengine walisimama na watoto mgongoni. “Paluku wa wapi?” wakauliza kwa pamoja, na ua wote ukacheka. Sisi watatu tukaendelea kula, kwetu hilo si jambo. Lakini Masœur aliweka kijiko chini. “Miye si mutu wa hapa,” akasema. “Munieleze. Paluku, ni jina ya famille?” Nikamweleza: ni kijana wa kwanza. “Ah bon. Na Mumbere?” Nikasema, kijana wa kwanza vilevile, Masœur. Akanitazama, akamtazama Désiré, akamtazama Anselme. “Attendez. Donc mu ile mashine muliweka bakubwa babili mu nyumba moja?”

 Désiré alijipiga paji la uso mpaka ikalia. Vyeo vilikuwa sawa, wote juu kabisa. Kila mmoja alimwuliza mwenzake uko, akasikia niko, akangoja mdogo anyamaze. Wakangojana. Tulikuwa tumeliona jibu kwa macho yetu tangu siku ya kwanza, limeandikwa kwa wino mweusi, lakini mtu wa kwetu hawezi kuuliza Mumbere maana yake nini. Mimi nilicheka kwa furaha, kwa sababu kurekebisha ni kazi ndogo, unaandika namba moja tu. “Bon,” Désiré akasema, akijifuta mikono. “Mumbere ashuke, mambo iishe.” Yaya Anselme akasema, “Hapana.” Tukafikiri ni utani. “Juu ya nini?” “Nimesema hapana. Ashuke Paluku.” Désiré akacheka kile kicheko chake kikubwa. “We, Anselme! Mutu mzima unalilia jina kwa sanduku? Unaogopa batakuita Kambale?” Yaya Anselme aliinuka, akalisukuma bakuli lake taratibu, akatoka nje. Jioni ile tukasikia amepanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Beni. Alimwachia mkewe ujumbe kwamba anatafuta kebo nzuri kule, na Désiré akasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba anatafuta kichwa chake.

Nilimkasirikia, kweli. Nilimwona mwanaume kama wengine, tayari kuhatarisha mke wake kwa sababu ya jina kwenye kipande cha bati. Siku mbili tatu zilipita hivyo, kazi imesimama, Masœur anatutazama tu. Ndipo nikampelekea Jeanne chakula, tilapia ya kwao niliyoipika na nyanya nyingi, tukala kwenye ngazi za ile nyumba ya wamama, yeye akinyoosha miguu iliyovimba. Nikamwambia bila kuzungusha: dada, bwana wako anatuua na lile jina lake. Akaendelea kutoa miiba. “Munafikiri ni jina yake?” akauliza. Nikasema, si ni Mumbere? “Iye ni Mumbere. Na mutoto wetu alikuwaka Mumbere.” Akanieleza polepole, bila kulia. Yule mtoto wa kwanza, ambaye watu wote wa Butembo waliamini alitoka amekufa, alizaliwa hai. Aliishi siku kidogo. Alipewa jina lake, akabatizwa haraka, akaenda. “Hata photo hatuna. Anselme alipofunga ile mashine alirudi nyumbani, akaniambia: nimemupatia Mumbere fasi ya kutumika. Batu bataita jina yake kila siku.”  Nililia pale pale kwenye ngazi, na Jeanne akanipiga begani. “Hapana kulia, utamuogopesha huyu wa ndani.”

Nikashuka mpaka atelier nikamwambia Yaya Désiré. Sikuomba ruhusa ya Jeanne, na naona alinieleza ili niende kusema. Désiré alikuwa analehemu. Alizima chuma, akakaa juu ya ndoo. Baadaye akasema, “Na miye nilimucheka,” akavaa koti, akapanda kwanza hospitalini. Pale alimshusha Paluku mwenyewe, kwa mkono wake, akaandika namba ndogo kabisa, halafu akachukua moto kwenda Beni kumtafuta mwenzake. Kumbe Yaya Anselme alikuwa ndani ya taksi anarudi Butembo. Walipishana njiani bila kuonana, kila mmoja na vumbi lake. Anselme alifika hospitalini, hakusalimia mtu, akaenda chumba chake, akamshusha Mumbere, akaandika namba ndogo kabisa. Mimi nilipokuja kutazama nilikuta vyeo vyote viko sawa tena, huku chini. Jamani! Nilikaa kwenye sakafu nikacheka na kulia pamoja. Asubuhi tulikuwa na wakubwa wawili, sasa tulikuwa na wadogo wawili na nyumba haina mkubwa.

Désiré aliporudi kesho yake, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, walibishana kwenye korido ya Maternité, safari hii kinyume. “Paluku atanyamaza.” “Hapana, Mumbere atanyamaza.” “Nimesema Paluku!” Masœur Béatrice akatoka ofisini kwake akidhani ni vita. Akasikiliza, akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa tumelisahau: kompyuta kubwa iko upande gani? Na betri? Upande wa Paluku. Basi ndiye wa kubaki macho, hakuna cha heshima hapo. Yaya Anselme alikubali kwa kichwa, lakini hakuondoka. “Masika,” akaniuliza mimi, si Désiré, “jina inabaki?” Nikamwambia jina linabaki, Yaya, mashine haisomi karatasi iliyobandikwa, inasoma namba. Akafikiri. “Na Mumbere akifunga milango, Maternité itapitia wapi? Bale bamama banamutegemea.” Hapo alikuwa amesema kweli tupu, na sisi na kitabu chetu hatukuwa tumefika huko. Ukimnyamazisha mtu bila kuwapa watu wake mlango mwingine, umewafungia wote. Désiré akampandisha Paluku kwa namba moja, na mimi wiki nzima nilikuwa juu ya ngazi, navuta kutoka Maternité na kutoka chumba cha upasuaji waya wa pili mpaka kwa Paluku, kupitia paa la ukumbi, ili kila mahali penye uhai wa mtu pawe na miguu miwili, mmoja kila upande.

Nimefunga mitandao mingi tangu hapo, Beni na hata ng'ambo ya mpaka, katika miaka ambayo barabara ya Beni ilikuwa inafungwa na watu wakatenganishwa na jamaa zao kwa wiki nzima, kila upande ukiamini upande wa pili umekwisha. Vijana ninaowafundisha wanataka haraka kujua namba za kuandika. Mimi nawauliza kwanza nani watakaa gizani huyu akinyamaza. Wananiona mama wa maneno mengi. Désiré angefurahi kusikia hivyo.

Siku ya Jeanne ilifika na mvua kubwa, asubuhi, ile ya Butembo ambayo inachukua barabara na kuondoka nayo. Nilikuwa katika chumba cha Mumbere na Yaya Anselme. Hakuruhusiwa kuingia kwa mkewe, akaja kukaa mahali pekee alipoweza. Tulisikia ukuta wa mtaro ukiporomoka huko uani, sauti nzito, na mara taa za Mumbere zikaanza kuzimika, tundu baada ya tundu, mstari wa juu, mstari wa chini, mpaka ikabaki taa moja tu ya shahidi. Niliogopa sana. Katika maisha yangu nilikuwa sijatazama mashine ikinyamaza kwa kutii. Yaya Anselme aliweka kiganja juu ya bati lake. “Amenyamaza,” akasema. Nikakimbia mpaka kwa Kavira. Kompyuta yake ilikuwa inaandika kama kawaida. Alikuwa amekwisha omba damu ya Jeanne, laboratoire ilikuwa imejibu, na uani nilimwona Masœur Béatrice mwenyewe akivuka, mwamvuli umegeuka nje ndani, amebeba mfuko wa damu kwapani, mavazi yamelowa mpaka kiunoni. Hakuna mtu mwingine katika hospitali nzima aliyejua kwamba kundi limekatika.

Tulingoja koridoni. Sitaki kusema ilichukua muda gani, mimi mwenyewe sikumbuki, nakumbuka tu vidole vya Yaya Anselme vikichambua uzi wa koti lake. Kisha tukasikia kilio chembamba, chenye hasira. Kavira akatoka, uso unang'aa kwa jasho. “Papa Anselme, ni kijana. Mama iko muzima, damu imesimama.” Yaya Anselme alikaa chini kwenye simenti. Désiré akatokea mbio kutoka ng'ambo, tope mpaka magotini, kebo mpya imezungushwa begani, akasimama bila kuthubutu kuuliza, nikamtikisia kichwa ndiyo, naye akaanza kulia wazi wazi bila haya. Kavira alikuwa ameshika fishi. “Niandike jina gani?” Yaya Anselme akasema, “Kambale.” Kavira akainua kalamu. “Kambale? Si ni mutoto wenu wa kwanza?” “Wa pili,” akasema, kwa sauti ya kutosha korido nzima. Kavira alimtazama, akaelewa, akaandika.

Désiré aliitupa kebo mpya juu ya tope, akaivuta kuvuka ua mvua ikimpiga, akapitisha ncha yake katika dirisha la chumba cha Mumbere, ambako Yaya Anselme alikuwa amerudi, akarudi mbio upande wake kuchomeka ya kwake. Yaya Anselme aliipokea ile ncha, akaifuta kwenye shati lake mpaka ikawa safi. Mimi nilisimama mlangoni, na yeye alifikiri yuko peke yake. Aliinama karibu na sanduku lile lililofunga milango yote.

“Mumbere,” akasema, “mudogo yako amefika. Amuka, umusalimie.”

Na akachomeka.